Neno la woga lililofukuzwa mjini

Miaka elfu moja hivi iliyopita, mtawa wa Uingereza aitwaye Ælfric alikuwa akikifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa lugha ya wakulima na wachungaji wa nchi yake. Alifika pale gharika inapokwisha, Nuhu ameshuka safinani, na Mungu anamwambia kwamba tangu siku hiyo wanyama wa nchi na ndege wa angani watamwogopa mwanadamu. Ælfric alitaka neno la kuubeba woga huo wote. Akaweka mawili, bega kwa bega. La kwanza ni ege. La pili ni oga.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwa nini neno hilo la pili linashtua. Katika Kiingereza cha kale, oga ni hofu kuu, ile ya kumfanya mtu atetemeke. Sisi tuna mwoga, woga, kuogopa na kuogofya. Ukilisikia bila kujua limetoka wapi, utadhani baharia fulani alilipakia Kilwa akaenda kulishusha mto Thames.

Hakuna aliyelipakia. Oga ya Waingereza ni ya ukoo wa lugha za Kijerumani. Wagothi, watu wa ukoo huo, ambao askofu wao Wulfila aliwafasiria Biblia katika karne ya 4, walikuwa wakisema ogan kwa maana ya kuogopa. Yetu ni ya Kibantu, imezaliwa huku huku na kukulia huku huku. Lugha za dunia ni maelfu, na sauti ambazo kinywa cha binadamu hupenda kuzitoa si nyingi kiasi hicho, kwa hiyo lazima mara moja moja zigongane. Wambabaram wa kaskazini mwa Queensland, Australia, walimwita mbwa dog, sawasawa na Waingereza, na mwanaisimu R. M. W. Dixon aliyeichunguza lugha yao alionyesha kwamba hawakuliazima kwa mtu. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna tabia siku hizi ya kuyaunganisha maneno kwa kuwa yanafanana sura tu, na watu wakaamini, na watoto wakafundishwa.

Hata hivyo, mgongano huo ulinitia hamu ya kuifuata hofu ya Waingereza tangu chimbuko lake. Njia ikanipeleka kwenye neno jingine lililochakaa, afeard, ambalo maana yake ni kuwa na hofu. Kisa cha neno hilo kinatuhusu zaidi kuliko kile cha oga, ijapokuwa halifanani na chochote chetu.

Hofu ilipokuwa nje ya moyo

Tuanze na mzazi wake. Neno ambalo kila mwanafunzi wa Kiingereza analijua leo, fear, zamani liliandikwa fær, na halikuwa na maana ya hofu. Fær ilikuwa janga la ghafla, shambulio, hatari inayochomoka kichakani kabla hujageuka. Katika Beowulf, utenzi mrefu ambao nakala yake pekee ya mkono, ya miaka ya 1000 hivi, imehifadhiwa British Library mjini London, kuna habari ya mapigano makali yaliyozuka ukumbini kwa mfalme Finn, wageni na wenyeji wakauana. Mtunzi anapolitaja shambulio lile, neno alilolitumia ni fær. Wajerumani wameibakiza maana hiyo mpaka leo, kwani Gefahr yao ni hatari. Ukirudi nyuma zaidi utakuta mzizi mmoja na periculum ya Kilatini, yaani jaribio au hatari, na mzizi huo huo ndio uliowapa Waingereza expert, mtu mweledi. Mweledi kwa asili ni mtu aliyepitishwa kwenye majaribu.

Watu wa pwani ile walikuwa na sababu ya kuwa na neno kama hilo. Tarehe 8 Juni 793 Waviking waliteremka kwenye kisiwa cha Lindisfarne, kaskazini mashariki mwa Uingereza, wakaua watawa na kupora kanisa. Waliolala usiku wa kuamkia siku hiyo hawakuwa na hofu. Walikuwa na amani yao. Fær ndiyo iliyowajia kutoka baharini.

Hisia yenyewe ilikuwa na maneno yake mbali: ege, oga, broga, fyrhtu. Fyrhtu ilibadilishana sauti ndani yake ikawa fright ya leo. Ege ilisukumwa kando na agi ya Waviking hao hao, ambao wengi wao walihamia na kuoa na kulima, na agi ikawa awe, ile hofu yenye heshima ndani yake. Waviking waliacha pia uggligr, kitu cha kutia hofu, ambacho ndicho ugly ya leo, maana imeshuka kutoka kinachotisha hadi kisichopendeza. Oga ikafa kabisa, haikuacha mtoto. Na katikati ya misukosuko hiyo, karne ya 12 na ya 13, fær ikahama polepole kutoka kichakani ikaingia kifuani mwa mtu. Ikawa ndiyo hofu.

Napenda ule mpangilio wa zamani. Unamtendea haki mwenye kuogopa. Kabla ya kumuuliza mtu ana nini moyoni, neno lilikuwa limekwisha kuuliza ni nini kilichomjia. Nimewasikia watu wengi wakiambiwa waache woga na watu ambao hawajawahi kuuliza swali hilo la pili.

Aliyetolewa katika amani

Kutokana na fær kilipatikana kitenzi afæran, kumtia mtu hofu, na aliyetiwa hofu akaitwa afæred. Ndiyo afeard yetu. Mwishoni mwa karne ya 14 Geoffrey Chaucer alilitumia katika masimulizi yake ya mahujaji wa Canterbury. Kuna tarishi wa mahakama ya kanisa mwenye uso mwekundu uliojaa vipele, na Chaucer anasema watoto walikuwa wakiuogopa uso ule. Afeard wakati huo ni neno la kila mtu, halina harufu ya shamba wala ya mji.

Mshindani wake alikuwa amekwisha kufika. Oktoba 1066 William wa Normandie aliwashinda Waingereza karibu na Hastings, na kwa karibu miaka 300 Kifaransa kikawa lugha ya ikulu, ya mahakama na ya mabwana wenye ardhi. Ilikuwa mwaka 1362 ndipo sheria ya mfalme Edward III ilipoamuru mashauri yasemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu walikuwa wakishitakiwa na kuhukumiwa kwa lugha wasiyoielewa. Ndani ya kipindi hicho, kuelekea mwaka 1300, likaingia afraid.

Hapa nataka nitulie kidogo, maana neno hili lina hazina. Afraid limetokana na kitenzi cha Kifaransa cha kale ambacho leo Wafaransa wanakisema effrayer. Mwanzo wake ni mchanganyiko wa ex ya Kilatini, yaani nje ya, na neno la Wafranki, kabila la Kijerumani lililoitwaa Gaul na kuipa Ufaransa jina lake. Neno hilo la Wafranki lilikuwa na maana ya amani. Ndugu yake ni Frieden ya Wajerumani, na Waingereza wa kale nao walikuwa nalo, frith. Basi aliye afraid, kwa asili ya neno, ni mtu aliyetolewa katika amani.

Sijaona maelezo ya hofu yanayozidi hayo. Hayamlaumu mtu kwa udhaifu wa moyo. Yanasema alikuwa mahali salama, na kuna aliyemtoa. Familia iliyovuka ziwa Tanganyika usiku na kufikia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, haihitaji kamusi kulielewa hilo.

Amani hiyo iliyofichwa imetuzunguka hata katika majina. Godfrey ni amani ya Mungu. Frederick ni mtawala wa amani. Wilfred ni anayeitamani amani. Wapo akina Godfrey na Wilfred wengi kuanzia Moshi hadi Kisumu wanaobeba, bila kuambiwa, nusu ya neno la Kiingereza la kuogopa.

Na liko kwenye sheria zetu pia. Kitenzi kile kile cha Kifaransa kilizaa affray, kosa la kupigana hadharani. Wakoloni wa Kiingereza waliliandika kosa hilo katika Kanuni za Adhabu za Kenya na za Tanganyika za mwaka 1930, na limo hadi leo: anayeshiriki ugomvi wa ngumi mahali pa umma ametenda kosa. Ukilitazama kwa jicho la asili ya neno, sababu inaonekana. Wawili wakipigana sokoni, aliyekosewa si mpigwaji peke yake. Muuza nyanya aliye pembeni ametolewa katika amani yake. Uingereza kwenyewe, sheria ya utulivu wa umma ya mwaka 1986 imelisema hilo waziwazi, kwamba kipimo cha kosa ni kama mtu mwenye ujasiri wa kawaida, angekuwapo pale, angehofia usalama wake.

Kuna jambo dogo la sarufi ambalo walimu wengi hulifundisha kama amri isiyo na sababu. Mwanafunzi huambiwa kwamba afraid haliwekwi mbele ya nomino, lazima liwe baada ya kitenzi. Sababu ipo. Neno hili si sifa ya kuzaliwa nayo. Ni kitenzi kilichotendwa, ametolewa, ametishwa, na limebaki na mwenendo wa kitenzi kwa miaka 700. Mtoto akielezwa hivyo hatalisahau.

Kinywani mwa mkulima

Kwa muda mrefu afeard na afraid waliishi pamoja. Shakespeare aliyatumia yote mawili, kila moja zaidi ya mara 30. Lady Macbeth anamchoma mumewe kwa afeard anapomwona anasitasita kuua. Caliban, mtumwa katika The Tempest, analitumia kuwatuliza walevi wanaoshtushwa na sauti za kisiwa. Na katika Julius Caesar, asubuhi ya mauaji, Kaisari anakataa kutuma uongo kwamba ni mgonjwa, akiuliza iweje mtu aliyeteka nchi nyingi kama yeye aogope kuwaambia wazee wenye mvi ukweli. Neno alilolitamka ni afeard. Tamthilia hiyo ndiyo Mwalimu Julius Nyerere aliyoifasiri kwa Kiswahili na kuchapishwa mwaka 1963, mwaka wa kwanza wa urais wake. Kwa hiyo neno hili kongwe limewahi kupita mezani pake.

Baada ya mwaka 1700 afeard ikaanza kutoweka vitabuni. Biblia ya mfalme James ya mwaka 1611 ilikuwa imekwisha kulipa nguvu afraid, na Waingereza waliisoma kila Jumapili. Wachapishaji wa London, walimu na watu wa tabaka la juu wakashikilia lile la Kifaransa. La kienyeji likabaki kwa wavuvi, wachimba makaa, wajakazi na wakulima. Lilivuka pia bahari na wahamiaji, likatulia kwenye milima ya Appalachia huko Marekani, ambako wazee waliendelea kulisema. Waandishi wa riwaya wa karne ya 19 walipotaka kumwonyesha msomaji kwamba mhusika ni mtu wa chini, walimwekea afeard mdomoni. Neno la Chaucer na Shakespeare likawa alama ya kutosoma.

Huu ndio moyo wa jambo lenyewe, na nauona kuwa dhuluma. Afeard halikuwa na kasoro yoyote. Lilikuwa kongwe kuliko mwenzake kwa mamia ya miaka, lilijengwa kwa matofali ya lugha yenyewe, na kila aliyelisikia alielewa uhusiano wake na fear. Lilishuka hadhi kwa sababu ya mikono ya waliolisema, mikono yenye udongo.

Aliyelitetea alikuwa mmoja wao. Joseph Wright alizaliwa mwaka 1855 karibu na Bradford, Yorkshire, katika familia maskini. Akiwa na miaka 6 tu alikuwa akiongoza punda kwenye machimbo ya mawe. Baadaye akafanya kazi kiwandani Saltaire, akibadilisha bobini za nyuzi. Alifika ujana hajui kusoma gazeti. Akajifundisha, akasoma shule za usiku, akaenda Heidelberg huko Ujerumani akapata shahada ya udaktari mwaka 1885, na mwaka 1901 akawa profesa wa isimu linganishi Oxford. J. R. R. Tolkien alikuwa mwanafunzi wake. Kazi kubwa ya maisha yake ni kamusi ya lahaja za Kiingereza, juzuu 6, zilizotoka kati ya mwaka 1898 na 1905. Maneno yaliletwa na mamia ya watu wa kujitolea, walioyaandika kwenye vikaratasi wakitaja wilaya yalikosikika. Afeard limo, na ushahidi wake umetoka pembe nyingi za nchi. Kijana wa punda aliyaandika maneno ya mama yake kwa heshima ile ile ambayo wengine waliiwekea Kilatini.

Yetu iliyojificha

Kiswahili nacho kina afeard yake. Ni kucha.

Mtaje kijana neno kucha, atafikiria vidole vyake, au atakumbuka kumekucha, usiku umekwisha. Kucha ya tatu, ya kuogopa, haimjii. Lakini anamjua mcha Mungu. Ameisikia kumcha katika mahubiri, na pengine kicho. Amewahi kumsikia mzee akisema nachelea, yaani nahofia jambo lisije likatokea. Na methali anaijua: mchelea mwana kulia hulia yeye. Mchelea huyo ni mwenye kuogopa kumliza mtoto. Wengi wanaoitumia methali hiyo hawajui kwamba wameshika neno la hofu la kale kuliko hofu.

Maana hofu ni mgeni, khawf ya Kiarabu, tuliyempokea vizuri na sasa ni wetu. Kucha ni wa nyumbani. Waganda husema okutya kwa kuogopa na okutiisa kwa kutisha. Wanyarwanda na Warundi husema gutinya. Ni watoto wa ukoo mmoja. Nchini Uganda neno hilo bado linatumika kwa nyoka, kwa deni na kwa giza. Kwetu limebaki kanisani, msikitini na kwenye methali, kama vile Mungu peke yake ndiye aliyebaki wa kuchwa.

Woga nao umeteremka daraja. Kiongozi atasimama aseme serikali ina hofu kuhusu ukame, na hakuna atakayemcheka. Hatasema serikali ina woga. Neno la Kiarabu limekuwa la staha, la Kibantu limekuwa la kusutana: mwoga we! Kama Waingereza walivyofanya, nasi tumempa mgeni kiti cha mbele na kumwacha mwenyeji jikoni. Sisemi mgeni aondoke. Lugha yetu ni tajiri kwa sababu ya kupokea. Nasema mwenyeji asisahauliwe jina.

Waingereza walipata bahati ya Wright kabla wasemaji wa mwisho wa lahaja nyingi hawajaondoka. Sisi tumeanza. BAKIZA, baraza la Kiswahili la Zanzibar, imechapisha kamusi za lahaja za visiwani, na wapo watafiti wa vyuo vikuu wanaozunguka Lamu, Pemba na Mrima. Lakini kazi ya Wright haikufanywa na Oxford peke yake. Ilifanywa na mamia ya watu wa kujitolea, kila mmoja na kikaratasi chake. Wewe unayesoma makala hii una simu mfukoni yenye kinasa sauti. Mtafute bibi au babu yako wiki hii, muulize waliitaje hofu utotoni mwao: ya simba, ya mwalimu, ya mizimu, ya njaa. Mwache aseme kwa lahaja yake, usimsahihishe. Andika neno, maana yake, jina la kijiji na mwaka, kisha lipeleke BAKITA, baraza la Kiswahili la taifa la Tanzania, au BAKIZA, au chuo kikuu kilicho karibu nawe.